Kiganja Mbele ya Lenzi

Fundi mitambo wa sinema yetu pale mjini Chiayi alikuwa na kiganja kipana chenye kovu la moto, na sote tulikijua. Kila filamu iliyoshinda tuzo ng'ambo ilipofika kwenye watu wawili kitandani, alikiweka mbele ya lenzi, kwa amri ya tajiri wake aliyeogopa polisi, na skrini ikabaki nyekundu. Sisi tulitema maganda ya mbegu za tikiti, tukapiga kelele: "Toa mkono wewe! Tumekuja kuona sinema, siyo vidole vyako!" Hakujibu kamwe, hata sauti yake hatukuijua. Katika filamu tuliyoipenda kuliko zote, alipoutoa mkono, mwanamke wa kwenye skrini alikuwa ameshavaa, analia, nasi hatukujua kinachomliza.

Juzi mchana, miaka mingi baadaye, filamu ileile ilirudi, kwa mtambo usiohitaji fundi. Fundi wetu, sasa mzee, alikaa nasi kwenye viti vya watazamaji. Kitanda kilipotokea, mkono wake ukainuka wenyewe, ukamziba macho. Bi Tsai-hsia, mshonaji aliyekosa maonyesho machache sana tangu ujana wake, akamwinamia.

"Toa mkono, kaka. Leo tuone kinachomliza."

"Hata mimi sijui," akasema, akiushusha polepole. "Nilikuwa nafumba macho."