Mdahalo Mbele ya Mashine ya Kusaga

Nilipewa kipaza sauti kwa sababu sina ndugu hapa mtaani Kasense. Ndivyo walivyoniambia, bila kuzunguka, vijana wa mtaa wetu walipokuja kwenye cherehani yangu kuniomba niongoze mdahalo wa wagombea uenyekiti wa mtaa. Walikuwa wamehangaika kutafuta mtu asiyehusiana na mgombea yeyote. Huyu shangazi wa mmoja, yule mkwe wa mwingine, na mwalimu waliyemtegemea akagundulika kuwa na undugu na wote wawili. "Mama, wewe umetoka Mbeya," wakasema, "huna wa kumpendelea." Nikacheka, nikakubali. Miaka yote niliyoishi hapa, ugeni wangu ulikuwa haujanipa cheo chochote.

Hawakujua kwamba hakuna aliyeuogopa uchaguzi ule kunizidi mimi. Tangu mume wangu afariki nalima kipande cha bonde, ardhi ya mtaa, nilichopewa na mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda wake. Cherehani inalipa kodi ya nyumba. Bonde ndilo linalotulisha, mimi na wanangu. Jirani yangu ndiye aliyenifundisha kulilima kwa mtindo wa Kifipa: unafukia nyasi ndani ya tuta la mviringo, unaziacha zioze, halafu ndipo unapanda. Mwanzoni nilibeza. Kwetu Mbeya tuna udongo wa kujivunia, na mimi mdomo wangu hauna breki. Aliniacha nimalize majivuno yangu, akanionyesha pa kuanzia.

Sasa wateja wangu, nikiwa nawapima magauni, walianza kunidokeza kwamba mmoja wa wagombea, akikaa na wazee kwenye pombe ya ulezi, anawaahidi kwa Kifipa kuwa akishinda mabonde yatarudi kwa wenyeji. Kifipa changu kinaishia kwenye salamu, na hata hiyo, ambayo huenda na makofi, naipigia ovyo mpaka watoto wananicheka. Ningemuuliza nani anithibitishie? Mgombea huyo ni mdogo wa mume wa jirani yangu. Sikuthubutu kumgusia. Badala yake nikanuna, nikawa namsalimia dada wa watu kwa mkato, naye hajui kanikosea nini.

Siku ya mdahalo mashine ya kusaga ilizimwa, tukakusanyika mbele yake, upepo wa baridi ukitupeperushia pumba usoni. Nilisoma kanuni kwa sauti ya kiofisi kabisa. Mojawapo ilisema lugha ni Kiswahili tu. Vijana waliitunga kwa wema, ili sisi wa kuja tusiachwe nje, na niliisoma mara mbili kwa furaha.

Wagombea walikuwa wawili. Kwanza salamu zikala muda: kila mmoja alichuchumaa akawapigia makofi wazee, kisha wazazi wa mwenzake, kisha wakwe. Walipofika kwenye hoja, mmoja akisema la maji, mwingine anasema, "Kama alivyosema kaka, na mimi ni hivyo hivyo." Mdahalo gani huo! Nilitamani niwachokoze wagombane kidogo. Likaja suala la mabonde. Shemeji wa jirani yangu akasimama na Kiswahili chake kilichopigwa pasi: "Mabonde ni mali ya wananchi wote, tutayatunza kwa pamoja." Watu wakashangilia. Mimi swali nilikuwa nalo mdomoni, lakini mwongozaji anayeulizia matuta yake mwenyewe ni mwongozaji wa aina gani? Nikalimeza.

Ndipo jirani yangu akasimama, akaanza kuuliza kwa Kifipa.

"Dada, kanuni ni Kiswahili," nikamkatiza, tena kwa ukali, maana nilidhani anataka kumbeba shemeji yake.

"Naijua kanuni. Tulia kidogo, nitakutafsiria."

Watu wakaangua kicheko. Akaendelea na Kifipa chake, na kicheko kikakatika. Wazee wakaanza kutazama chini. Mgombea akajibu kwa kifupi, sauti ya chini. Kisha jirani akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, kila mtu akisikia:

"Nimemuuliza, shemeji, yale uliyosema nyumbani kwangu, kwamba wa kuja watatolewa mabondeni, bado unayasema? Amenijibu hapa si mahali pake. Mimi naona ndipo mahali pake. Ajibu kwa Kiswahili, mama huyu asikie. Kile kipande nimefukia nyasi pamoja naye. Kama atatolewa, ajue leo, asihangaike kupanda."

Mgombea wa pili akanyoosha mkono, ameshaona mwanya. "Wewe subiri zamu yako," jirani akamwambia, na akasubiri kweli.

Yule shemeji alivua kofia, akaivaa tena. "Shemeji, umenivua nguo," akasema. Hakuna aliyecheka. "Ni kweli nilisema. Nilisema kuwafurahisha wazee wangu. Lakini aliyepewa bonde na mtaa, na analilima, sitamtoa. Nasema mbele yenu wote."

"Na kwa Kifipa," jirani akasema.

"Shemeji!"

"Wazee uliwaahidi kwa Kifipa. Wasikie kwa Kifipa."

Akasema. Sikuelewa neno hata moja, lakini niliona mzee mmoja wa mbele akiinuka na kuondoka bila kuaga, nikajua limesemwa. Machozi yalinitoka palepale, kipaza sauti mkononi, na kanuni zangu zote nikazisahau. Hadi leo namshukuru Mungu kwa mwanamke yule. Nimeishi ugenini muda mrefu na watu wamenitendea mengi mema, ila sijawahi kutetewa hadharani namna ile, na mtu niliyekuwa nimemnunia.

Shemeji alishinda. Mpaka sasa nalima kipande changu, na akipita njiani mwenyekiti ananisalimia vizuri tu, ingawa kwa haraka.

Mvua za kwanza zilipoanza tulikuwa bondeni, mimi na jirani, tukipanda maharage. Nilimshukuru tena, akapuuza kwa mkono. Nikamwambia kwa kujigamba kwamba kura yangu nilimpa yule wa pili.

"Mimi nilimpa shemeji," akasema.

Nikasimama. "Yule yule? Baada ya yote yale?"

"Ni shemeji yangu, ningempa nani mwingine? Na nusu ya mtaa ni ndugu zake." Akaendelea kufukia mbegu. "Nilijua atashinda, mama. Ndiyo maana nilitaka aseme kwanza."