Kitanda cha Mama Ndani ya Kamyo

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na mkiniona nacheka ninapoisimulia msidhani imeniisha.

Nilikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa Élisabethville aliyejengesha nyumba nzima juu ya kamyo, lori lake kubwa: kitanda, meza, jiko, hata pazia za maua. Likizo ile tulikuwa tunafuata ufuko wa ziwa Moero, na asubuhi moja Bwana na Madame wakapanda boti, nami nikaachiwa nyumba niipeleke peke yangu mpaka kambi ya jioni. Njia ilipita kijijini kwetu. Mama alikuwa ameniandikia kwa mkono wa katekista kwamba anataka ajinyooshe walau mara moja ndani ya hiyo nyumba inayotembea. Miaka sita sijamwona. Basi nikatandika kitanda cha Madame kwa shuka safi (ndiyo, bila ruhusa), nikavaa kofia, nikaondoka.

Njiani nikakutana na kamyo ya samaki ya Kabwe, rafiki niliyekua naye kijijini, akitokea huko kwetu. Akapunguza mwendo, akanipungia mikono yote miwili. Sisi madereva wa njia ile hatukuwa tunapitana hivihivi, lazima usimame upewe habari, lakini mimi nikajiambia huyu anataka kuchungulia nyumba tu, atanichelewesha kwa Mama, nikampigia klaksoni na kumwachia vumbi.

Kufika, uwanja wetu umejaa watu. Nikafikiri wamekuja kunipokea! Nikapiga klaksoni kama ya arusi, nikatoa kichwa dirishani na kuita, "Mama! Nyumba yako iko inakuya!" Hakuna aliyeinuka. Wanawake walikuwa wamekaa chini, vichwa wazi, nywele hazikusukwa. Nikakanyaga breki, magurudumu yakazama mchangani mbele yao.

Mjomba akaja taratibu.

"Mwipwa, acha kelele. Mama yako tulimuzika yuzi."

"Sasa mbona hamukunitumia habari?"

"Haukukutana na Kabwe? Tulimupa barua yako leo asubuyi."

Vilio vikaanza upya kwa ajili yangu, nami hata kulia vizuri sikuweza, kwa sababu kamyo ya watu ilikuwa imezama na Bwana alikuwa ananingoja. Wafiwa wakainuka kwenye mikeka, wakaisukuma, wazee kwa wamama, sahani za Madame zikivunjika ndani moja moja, na shangazi mmoja akasema huku anahema, "Kumbe nyumba ya kutembea, banaisukuma!" Watu wakacheka, msibani. Nami nikacheka. Hilo sijajisamehe.

Ilipotoka, Mjomba akachungulia ndani, akaona shuka.

"Ulimutandikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akafunga mlango polepole, kama chumba cha mtu aliyelala.

Tangu siku ile, dereva yeyote akinipungia njiani nasimama, hata mvua inyeshe. Mara nyingi anataka moto wa sigara tu. Nampa, halafu nangoja kidogo, labda ana lingine la kuniambia.