Nyuzi Zilizolegea

Walimwita Kiberiti, na jina lilimkaa. Mchana alipiga pasi kwa dobi, jioni aliimba panki, muziki wa kasi na kelele, kaka yake akiwa kwenye ngoma na shemeji yao, fundi viatu, kwenye gitaa. Nyimbo zao hazikufika dakika mbili. Kaka alihesabu moja hadi nne kama mtu anayekimbizwa na nyuki, Kiberiti akalipuka.

"Mnawahi wapi nyie?" mama yao aliuliza.

"Tunawahi kumaliza kabla hujatufukuza, mama," kaka alijibu.

Homa ilimchukua kaka kwa siku nne tu. Shemeji akazilegeza nyuzi za gitaa, asije mtu akalicharaza ndani ya msiba. Kiberiti hakulia wala hakuimba. Miezi saba, kila alipofungua kinywa alisikia hesabu ile ya kaka, pumzi ikamkatika.

Jumapili moja shemeji akamwita kwenye chumba cha nyuma ya kibanda chake cha viatu.

"Wimbo mmoja tu wa kaka yako, shem. Ukishindwa tugawe hivi vyombo, nami nirudi kwenye soli zangu."

Kwa wasiwasi shemeji akasahau kukaza nyuzi. Mlio wa kwanza ukatoka mzito, wa chini kabisa, kama kabati linaloburutwa sakafuni.

"Ngoja, sijakaza."

"Acha hivyohivyo."

Hapakuwa na wa kuhesabu. Kiberiti akaingia alipoweza, neno moja moja, kwa sauti nene ya kifuani ambayo hata yeye hakuijua. Wimbo wa dakika moja na nusu ukachukua saba. Ulikuwa na majonzi ya bluzi, zile nyimbo za huzuni za kaseti za marehemu baba, ila gitaa lilinguruma kama chuma. Wenye kujua wangeuita metali, roki nzito kuliko zote.

Shemeji akafuta pua kwa mkono wa shati. "Sauti imerudi, shem."

"Imerudi peke yake."

Miezi yote ile aliamini kwamba siku atakayoweza kuimba, kaka atakuwa nyuma yake akimsukuma. Sasa wimbo wa kaka ulikuwa umeimbwa hadi mwisho, na mwendo wake wa mbio haukuwemo.

"Huku asingetufuata," akasema. "Angechoka kutungoja."

Akaketi kwenye kiti cha mpiga ngoma, akalia kilio alichokosa kulia msibani. Shemeji hakumbembeleza. Aliendelea kuugonga uzi wa chini, taratibu, Kiberiti apate pa kulilia.