Siku Tatu za Kumlilia Shangazi

Nilimuua shangazi yangu siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama kati ya madebe ya rangi katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Jacobs, ugenini. Mwenyewe alikuwa mzima kule kwetu Kenya, labda anachambua maharagwe. Lakini msimamizi alikuwa ametutangazia kwamba kesho yake, Jumamosi, sote tunakuja kuhesabu mali, na mimi ndiye mtunza stoo. Eish! Jumamosi hiyo nilikuwa nimeiomba tangu mwezi uliopita, naye akaniitikia kwa kichwa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mwili ulikuwa wa kiwanda, roho ilikuwa kwenye milima ya Drakensberg. Tulikuwa watatu: mimi, mhadhiri Mkenya wa chuo cha Westville mwenye gari, na kinyozi Mkongo. Sheria ya kule ni kwamba wanaolala mlimani wasipungue watatu, kwa hiyo mmoja akikosa, safari imekufa. Nami nilikuwa nimewakosesha mara mbili, zote kwa sababu ya kazi hii hii. Kinyozi alishaniambia wazi kwamba nikiwaangusha tena watamtafuta mwingine. Kilele kile tulikuwa tumekitazama kutoka chini mwaka mzima! Basi nikamwambia msimamizi nimefiwa na shangazi aliyenilea. Akanipa pole, akaniruhusu nikose Jumamosi. Niliona haya, lakini si sana.

Mke wangu sikumficha. Akasema kifo hakichezewi. Nikabeba mkoba wangu nikatoka.

Jumamosi tulipanda mpaka kwenye pango wanamolala wapanda mlima, tukalala. Jumapili kuamka, ukungu umejaa mpaka mlangoni. Mhadhiri akasema tungoje, kufikia adhuhuri utainuka, na tukichelewa tutalala tena. Yeye alikuwa likizo, na kinyozi hafungui Jumatatu. Ni mimi tu niliyetakiwa getini saa moja asubuhi. Nikakataa. Na nikishuka mimi, lazima washuke wote. Tulishuka, wao wawili mbele, mimi nyuma. Tulipofika kwenye gari, ukungu ukaondoka wote, kilele kikajitokeza wazi kabisa. Kinyozi alikitazama, akanitazama na mimi, akaingia kiti cha nyuma akafumba macho. Niliichukia kazi ile, nikajichukia na mimi mwenyewe.

Nyumbani Sydenham nikakuta viatu vimejaa mlangoni, na ndani watu wanaimba wimbo wa maombolezo. Jambo moja nilikuwa nimelisahau, mjinga mimi: mpakizi mmoja wa kiwandani, Mkongo, alikuwa akisali kanisa letu. Msimamizi alimtajia msiba, naye akalitajia kanisa, na watu wetu wakisikia mtu amefiwa ugenini hawaulizi mara mbili. Walikuja na mikeka, sukari na sufuria kubwa kubwa, wakakaa tangu Jumamosi jioni. Mke wangu aliwaambia nimekwenda Pietermaritzburg kuwapasha ndugu habari. Angesema nini, na mpakizi ameketi pale pale? Ukweli ungetoka, kibarua changu kingeota nyasi.

Alinivuta jikoni. Alikuwa amewapikia watu chai siku mbili, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Vua hivyo viatu vya matope," akasema. "Nenda ukakae na watu. Umefiwa."

Nikakaa. Mpakizi akasogea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka, pole sana. Bosi anasema usikuye kesho. Alikupatia siku tatu, utarudi Alhamisi."

Siku tatu! Ningekuwa bado kule juu. Tungekuwa tumesimama kileleni sote watatu, na hakuna ambaye angenihitaji getini. Nikafunika uso nikalia, machozi ya kweli, ya hasira tupu. Mama mmoja wa kanisa akanipigapiga mgongoni, akaniambia nilie tu, nisijizuie. Nilipotulia akaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Nikawaeleza. Nikasema ndiye aliyekuwa akinipandisha kilima cha nyuma ya nyumba kutafuta kuni, yeye mbele mimi nyuma, akinionyesha mahali pa kuweka mguu. Nikasema ni miaka sita sijamwona. Hizo likizo za miaka sita nilizipeleka wapi, hilo sikulisema.

Siku zangu tatu ziliishia sebuleni nikipokea wageni. Jumatano mchana barua ya shangazi ikafika, kwa mwandiko wake ule wa kupinda. Mke wangu aliisoma kwanza, amesimama jikoni, akanipa, akarudi kumimina chai. Shangazi alikuwa anatusalimu, na magoti yalikuwa yanamsumbua. Chini kabisa aliuliza swali moja:

"Mwanangu, kwani huko kazini hawawezi kukupa hata siku tatu uje unione?"