Paka wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani mmoja wa Bariadi huongea kwa sauti ya chini, pini zikiwa mdomoni, hata akikasirika. Paka wake alipokojolea shela la bibi harusi, jirani yake Domitila alileta gunia.

"Kalitupe paka hilo mbali huko kijijini Nkoma, mama. Limeshaharibika hilo."

"Simtupi mpaka nijue sababu."

Alizima cherehani, akaketi sakafuni kumtazama paka, vidole vyake vyenye sugu za mkasi vikiwa vimetulia mapajani. Mwishowe akaona: kila mara paka alipolisogelea beseni lake la mchanga pale mlangoni, mbwa wa Domitila alibweka, paka akakimbilia kwenye vitambaa. Fundi akalihamishia beseni nyuma ya kabati. Paka akanusa, akafukua, akajisaidia.

"Alikuwa anaogopa," alimwambia Domitila akijifuta mikono. "Sasa twende kwako, dada. Mbwa naye habweki bure."