Anayekuhamisha Mwonyeshe Chumbani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoingia chumbani kwangu pale Kimamba nikamkuta kibarua nisiyemjua amepiga goti, ameweka msumeno kwenye mguu wa kitanda changu cha mninga. Nilipiga ukelele uliowatoa majirani nje. Hata leo nikisikia fundi anakata mbao, moyo hunishtuka kwanza ndipo nacheka.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo, maana jana nimekusikia kwenye simu ukimwambia mtu wa lori, "Vitu vyenyewe ni vichache tu, kaka." Nikasema moyoni, huyu kweli nimemzaa mimi.

Baba yako alikuwa amehamishiwa shule ya huku Mikumi, akatangulia kuripoti, akaniachia kazi ya kutafuta gari. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mke wa mwalimu, na sitaficha, nilikuwa najiona kidogo. Kitanda kile alikitengeneza babu yako, baba yangu mzazi, kwa mikono yake akanipa siku ya harusi, na mwaka haukuisha akafariki. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kazi ya mikono yake. Vingine vyote vingepotea, ningelia siku moja nikanyamaza.

Nikauliza sokoni, nikaelekezwa kwa watu wawili. Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Athumani, mtu mzima mwenye lori kuukuu na maneno machache. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akaanza maswali. Kabati lina vioo? Magunia mangapi? Huko Mikumi gari linafika mlangoni, au vitu vitabebwa kichwani? Hilo la mwisho sikulijua, akaniambia nimwulize mume wangu. Akainua pembe ya kabati kupima uzito wake. Halafu akasimama mbele ya pazia.

"Na huku?"

"Huku ni chumbani," nikamwambia.

"Najua, binti. Nataka kuona."

Mwanangu, nilikasirika! Mume hayupo, mwanamume wa kando anataka kuchungulia kitanda changu. Nikamjibu kwa ukali kwamba huko hakuna kitu, ni vitu vichache tu vya kawaida. Akatikisa kichwa. "Nisichokiona sikitajii bei," akasema, akaaga kwa adabu, akapanda baiskeli yake akaenda.

Wa pili alikuwa mtanashati mmoja mwenye pikapu. Huyo hata kizingiti hakuvuka. "Vichache tu? Hamna shida, dada. Wewe toa hela ya mafuta, mengine tutaelewana hukohuko." Nikaona huyu ndiye mstaarabu, anayejua heshima ya nyumba ya mtu. Nikampa kazi palepale.

Siku ya kuhama pikapu ilijaa kabla hatujafika chumbani. Hapo yakaanza mambo mapya: vibarua ni juu yangu, safari ya pili ina bei yake, na barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya, kabla ya kufika Mikumi, kwa mvua zile nayo ina bei yake. Sikumwita mwizi siku ile na leo simwiti. Nilimwambia vichache, akaja na gari la vichache. Kisha wakataka kukitoa kitanda, nacho hakikupita mlangoni, maana babu yako alikiungia mlemle ndani kwa bolti nne, na zilikuwa zimeshika kutu. Spana hawakuja nayo. Wakaazima msumeno kwa jirani.

Wa kwanza kuingia aliposikia ukelele wangu alikuwa Bibi Mwanaidi, mkunga aliyezalisha karibu mtaa mzima. Akamnyang'anya kibarua ule msumeno, akaubana kwapani, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anionee huruma.

"Yule mzee alipotaka kuona chumbani, ukamfukuza?"

"Bibi, niliona haya."

"Haya! Wangapi wamekuja kwangu kujifungua huku wamejifunga kanga mpaka shingoni? Mficha uchi hazai, binti. Unataka mtu akuhamishie nyumba, unamwonyesha sebule!"

Majirani walicheka. Mimi nililia, kisha nikacheka nao, maana alikuwa amesema kweli tupu.

Tulimpa mwenye pikapu kifuta jasho, akashusha vitu, akaenda zake bila ugomvi. Mzee Athumani akaitwa. Alikuja na spana na kichupa cha mafuta, wala hakunikumbusha ya nyuma. Safari hii pazia nililifungua mwenyewe. Akainama kutazama uvunguni, akagongagonga bolti, akauliza habari za mlango wa Mikumi, ndipo akaomba karatasi. Akaandika gari lipi, vibarua wangapi, kupakia na kushusha, siku gani, na kitu kikivunjika nani atatengeneza. Bei yake iliizidi hela ya mafuta kwa mbali.

"Itaongezeka?" nikamwuliza.

"Ukiongeza vitu, itaongezeka. Usipoongeza, hata tukikwama Ulaya ni hiyohiyo."

Na tulikwama kweli! Tope lilikuwa hadi nusu ya gurudumu, watu waliokuwa wakitoka mnadani wakatusukuma, na yeye ndiye aliyewapa cha soda. Tulipofika Mikumi sikusikia neno la nyongeza. Hata chai alikataa kwanza, akakiunga kitanda, akasema aliyehama sharti alale kwake.

Basi wewe na wenzako mnaohama sikilizeni. Barabara siku hizi si ile, na simu zimerahisisha mambo, lakini picha ya sebule haionyeshi bolti za chumbani. Makisio si bei, ni kubahatisha kwa mtu aliyeona, na asiyeona anabahatisha gizani. Ita zaidi ya mmoja, waonyeshe wote vitu vilevile, hata vya uvunguni. Anayekuuliza maswali mengi usimwone mbea. Mwulize na wewe: ndani ya bei hii kuna nini, nje yake kuna nini, na kitu gani kitaipandisha? Majibu yaandikwe, wote wawili mtie sahihi. Waulize aliowahamisha kabla yako, na usimalizie malipo vitu havijashuka. Akikwambia "tutaelewana", mjibu kwa upole kwamba tuelewane sasa.

Na lile neno "vichache tu" liache kwa wageni unaowakaribisha chakula. Huko ni adabu. Kwa mtu wa lori ni kujidanganya, na majuto ni mjukuu.

Mpigie yule kaka simu, mwambie aje mwenyewe kabla ya Jumamosi, na aje na spana. Kwako Kilosa huendi na vichache, mwanangu. Nimeongea na baba yako, sisi wazee kitatutosha kile kitanda kidogo cha chumba cha wageni. Kitanda cha babu yako kinakwenda na wewe. Mungu akutangulie njiani, vyombo vyako vifike vizima, na usiku wa kwanza ulale kwako. Pazia la chumbani nimekwisha kulifungua.