Kahawa Niliyoipima kwa Meno

Kosa hili ni langu, simsingizii mtu. Kijijini kwetu Kibosho, kabla ya kuuza kahawa, watu waliniletea punje nizing'ate. Nikisema imekauka, basi imekauka. Msimu ule jirani yangu Mama Aneth alitaka kuuza yake anunue mabati kabla ya mvua. Nikang'ata. "Ngumu kama jiwe. Peleka!"

Mimi na mke wangu tukamsindikiza hadi kituo cha kuuzia, na mnunuzi akamimina punje zake kwenye mashine ya kupima unyevu. "Shikamoo, mzee. Hii bado mbichi. Ianikwe tena wiki nzima."

"Mashine yako inajua nini?" nikafoka, nikang'ata nyingine mbele ya foleni ya wauzaji. "Ngumu!"

Mke wangu akaguna. "Baba Kanuti, tangu magego yakuishie, hata ndizi mbivu kwako ni ngumu."

Foleni nzima ilicheka, isipokuwa Mama Aneth, aliyekuwa akiyatazama mawingu.